Mikoko ya Jangwani Inapougua: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kupanda Miche na Kuuza Tiketi

Katika pwani za Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 100 isipokuwa karibu na milima, msitu wa mikoko unaundwa na aina moja tu ya mti, nao ni mchu. Kenya ina aina 9 za mikoko na Tanzania ina 10, na aina hizo hugawana kazi: mlilana hukaa mbele baharini, aina iitwayo mkoko hushika matope ya katikati, mkandaa na mchu hustahimili chumvi ya upande wa nchi kavu. Huku Arabuni mchu hufanya kazi zote peke yake, na ukifa hakuna aina nyingine inayojaza pengo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanaoongoza watalii na wanaosimamia uhifadhi katika mahori (mikono ya bahari inayoingia nchi kavu) yenye misitu ya namna hiyo, mfano wa Qurm mjini Muscat na Kalba katika Sharjah, ambayo yote mawili yaliingizwa katika orodha ya ardhioevu za mkataba wa kimataifa wa Ramsar mwaka 2013, au Jubail katika Abu Dhabi, ambako njia ya mbao ya watembea kwa miguu ilifunguliwa mwaka 2020. Msimamo wangu ni kwamba dalili nyingi katika mahori haya, zikiwemo zile zinazoonekana kuwa malalamiko ya wageni tu, hutokana na jinsi maji ya bahari yanavyoingia na kutoka. Kwa hiyo uchunguzi uanze kwenye maji, uende kwenye chumvi, kisha kwenye udongo na wanyama, na watu wafuate baadaye. Anayeanza na watu hubandika mabango ya makatazo huku mlango wa hori ukiendelea kuziba.

Vifaa vinavyohitajika si vingi: nguzo yenye alama za sentimita iliyosimikwa ndani ya hori na nyingine karibu na mlango wake, kipima chumvi cha mkononi, fremu ya mbao yenye upana wa mita moja kila upande, na kamera inayopiga picha kutoka mahali palepale kila mwezi.

Dalili: majani yanageuka manjano na vilele vinakauka

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba unachokiona ni ugonjwa kweli. Mchu huzuia sehemu kubwa ya chumvi isipite mizizini, na kiasi kinachopenya hukitoa kupitia tezi ndogo zilizoko kwenye majani. Ndiyo maana asubuhi, kabla umande haujaiyeyusha au upepo haujaipangusa, jani huwa na chembe nyeupe zinazometameta na ukiligusa kwa ulimi utaonja chumvi. Wageni hulipenda sana onyesho hilo, lakini mara kwa mara mtu huliripoti kuwa ni ukungu au wadudu. Vilevile upande wa chini wa jani la mchu una weupe wa kijivu kwa asili yake. Jani lenye tatizo ni lile lililokunjamana, dogo kuliko kawaida, la manjano au lenye kingo zilizoungua, na tawi lenye tatizo hukauka kuanzia ncha kuelekea shina.

Ukishathibitisha, usiulize kwanza ni miti mingapi inayokufa. Uliza inakufia wapi. Miti inayokauka kwenye ukingo wa nchi kavu, karibu na uwanda mweupe wa chumvi, kwa kawaida imezidiwa na chumvi. Miti inayokufa kwa duara katikati ya msitu, mahali penye maji yaliyotuama hata bahari inapokupwa, imekosa hewa mizizini. Miti inayoanguka ikiwa bado mibichi kando ya mkondo imeng'olewa na mmomonyoko, na hapo ni vyema kuangalia mwendo wa boti zenye injini. Msitu wote unapogeuka manjano kwa kiwango kimoja na kudumaa, suala la virutubisho linaweza kuingia.

Chanzo ninachokishuku kabla ya vingine vyote ni kuziba kwa mlango wa hori. Mchanga husafiri kando ya ufuo kwa nguvu za mawimbi, na unapokutana na gati jipya, ukuta wa kuvunja mawimbi au bandari ya boti za starehe, hubadili njia na kujikusanya mahali ambapo haukuwa ukikaa. Zamani mafuriko ya wadi (bonde kavu la jangwani linalopitisha maji mvua inaponyesha), ambayo hutokea mara chache lakini kwa nguvu kubwa, yaliusukuma mchanga huo nje. Mabwawa yaliyojengwa bara kwa ajili ya kukinga mafuriko na kurudisha maji ardhini, ambayo nchi kama Oman inayahitaji kwelikweli, hupunguza msukumo huo. Matokeo yake ni kwamba maji huingia kidogo, hukaa muda mrefu na kupotea kwa mvuke chini ya jua la nyuzi joto 45, huku chumvi ikibaki. Bahari kuu ina wastani wa gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Ghuba yenyewe ina 40 na zaidi, na katika mahori yasiyopitisha maji vizuri kiwango huvuka 50. Mchu huweza kuishi katika hali hiyo, ila hudumaa, na kila ongezeko dogo huukuta tayari uko ukingoni mwa uwezo wake.

Kipimo cha kugundua jambo hili ni rahisi. Siku ya bamvua, yaani ya maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu, soma nguzo ya mlangoni na nguzo ya ndani kila baada ya nusu saa, tangu maji yanapoanza kujaa hadi yanapokupwa. Hori lenye afya huchelewa kidogo nyuma ya bahari. Hori linaloziba huonyesha maji ya ndani yakipanda kidogo tu, yakichelewa sana, na yakikataa kushuka. Rudia kila mwezi, kwa kuwa namba ya siku moja haisemi mengi kama mwelekeo wa namba za mwaka.

Kabla ya kuomba mtambo wa kuchimba, kagua barabara. Mara nyingi tuta la barabara au njia ya baiskeli limekata hori vipande viwili, na maji ya upande mmoja hutegemea kalvati moja iliyojaa mchanga, matawi na chupa za plastiki. Kuisafisha ni kazi ya siku moja. Uchimbaji wa mlango wa hori, kwa upande mwingine, haufanywi na kampuni ya utalii wala kikundi cha kujitolea. Ni kazi ya mamlaka ya mazingira, inayopaswa kufanywa nje ya majira ya ndege kutaga, na mchanga uliochimbwa usirundikwe juu ya mizizi ya kupumulia. Nimeandika hilo la mwisho kwa sababu ndilo linalosahaulika kwa urahisi zaidi: mkondo hufunguliwa upande mmoja na msitu hufukiwa upande wa pili.

Dalili: miche iliyopandwa haifiki mwaka wa pili

Umoja wa Falme za Kiarabu umejiwekea lengo la kupanda mikoko milioni 100 kufikia mwaka 2030, na huko Abu Dhabi mbegu hudondoshwa hata kwa droni. Siku ya kupanda miche imekuwa sehemu ya utalii wenyewe; mgeni hulipa, huchafua miguu, hupiga picha na kuondoka. Hakuna ubaya katika hilo iwapo mahali palipochaguliwa panafaa. Tatizo ni kwamba mahali panapofaa kwa picha, yaani tope wazi lililo karibu na maegesho ya magari, mara nyingi hapafai kwa mchu.

Mchu huota katika ukanda ulioko kati ya usawa wa wastani wa bahari na mstari unaofikiwa na bamvua. Chini ya hapo mche huzama kwa muda mrefu kuliko unavyoweza kuvumilia, na juu ya hapo hukaushwa na chumvi. Namna ya kuupata ukanda huo bila vifaa vya upimaji ni kwenda kwenye msitu wa asili ulio karibu, kuangalia maji yanapofika kwenye mashina ya miche iliyoota yenyewe, na kuhamisha kimo hicho hadi eneo la kupandia kwa kutumia maji yenyewe kama pimamaji siku isiyo na upepo. Iwapo hakuna hata mche mmoja wa asili ulioota mahali unapotaka kupanda, ilhali mbegu za mchu huelea na kufika huko kila mwisho wa kiangazi, basi pana sababu, na sababu hiyo itaiua miche yako pia.

Baada ya kimo, uangalie mche wenyewe kwa karibu. Mche uliopandwa chini mno huwa na shina lililovikwa viumbe vidogo vyenye gamba jeupe na gumu, walewale wanaoganda chini ya mashua. Wanaongeza uzito hadi shina linalala, na kila wimbi linapopita linalisugua kwenye mchanga. Kuwakwangua kwa kisu hujeruhi gome na hakudumu, kwa maana wapya hufika na maji yanayofuata. Mche uliofungwa na nyuzi za mwani wa kijani umepandwa mahali ambapo maji hayatembei au yana virutubisho vingi kupita kiasi. Mche uliokatwa kwa mshazari karibu na ardhi umeliwa na kaa. Mche uliobaki kijiti kisicho na majani, pamoja na majirani zake wote wenye kimo kilekile, umeliwa na ngamia au mbuzi, na nyayo zitathibitisha. Ngamia hupenda majani ya mchu, na katika nchi isiyo na malisho si haki kumlaumu mchungaji; uzio wa muda kwenye eneo la miche kwa miaka ya mwanzo, uliokubaliwa naye, hufanya kazi vizuri kuliko faini.

Kuhusu mbolea, kuna somo kubwa kutoka upande wa pili wa Bahari ya Shamu. Gordon Sato, mwanabiolojia wa Kimarekani, aliona kwamba katika pwani kame ya Eritrea mchu uliota pale tu maji ya mvua za msimu yalipofikia bahari, akahitimisha kwamba kilichokosekana kwingine hakikuwa maji matamu bali naitrojeni, fosforasi na chuma ambavyo maji hayo huleta kutoka nchi kavu. Katika kijiji cha Hargigo, karibu na Massawa, miche ilipandwa pamoja na mfuko wa plastiki wenye matundu, uliojaa mbolea na kufukiwa kando ya mzizi, na kipande cha chuma. Pwani iliyokuwa tupu ikaota miti, na majani yake yakawa chakula cha mbuzi na kondoo.

Hata hivyo, dawa hiyo isichukuliwe na kupelekwa kwenye hori la mjini. Kwenye mahori yanayopokea maji taka yaliyosafishwa au maji ya bustani, virutubisho tayari vimezidi, na imeonekana kwamba mikoko ya sehemu zenye chumvi kali ikirutubishwa hukuza majani na matawi kuliko mizizi, ikawa kama nyumba iliyoongezwa ghorofa bila kupanuliwa msingi. Mwaka wa ukame unapofika, miti hiyo hufa zaidi kuliko ile iliyoachwa na njaa yake.

Kuna kosa jingine ambalo haliui mche bali huua kitu kingine. Tope wazi linaloonekana tupu kwa mgeni ni malisho ya ndege wanaohama kutoka Asia na Ulaya. Bar Al Hikman katika Oman hupokea maelfu kwa maelfu ya ndege hao kila majira ya baridi kwa sababu ya uwazi huo. Kulifunika tope la aina hiyo kwa miche ya mchu, hata ikistawi, ni hasara.

Dalili: mizizi ya kupumulia inatoweka

Vijiti vinavyochomoza kwenye tope kuzunguka mchu ndivyo pua zake. Weka fremu ya mita moja mahali palepale kila baada ya miezi mitatu na uhesabu vilivyo hai. Vikipungua kando ya njia ya watalii na kubaki vilevile ndani ya msitu, chanzo ni nyayo. Vikipungua kila mahali na vilivyobaki vikiwa vifupi, mchanga au udongo unapanda, labda kutoka kwenye ujenzi au mafuriko ya wadi baada ya dhoruba kama Gonu ya mwaka 2007 au Shaheen ya mwaka 2021. Tabaka jembamba mti utalimudu kwa kukuza vijiti vipya. Tabaka nene liondolewe kwa mikono, si kwa mashine, na kwa idhini.

Vikiwa na rangi nyeusi inayonata na kunuka petroli, ni mafuta. Mwaka 1991 mafuta yaliyomwagika wakati wa vita vya Ghuba yaliua mchu katika pwani ya Saudi Arabia kwa njia hiyo: yaliziba matundu ya hewa. Simamisha safari zote mara moja, usiruhusu mtu kuingia kufuta wala kupuliza sabuni, kwa kuwa kila hatua huyasukuma mafuta chini ya tope yasikoweza kuoza, na uiarifu mamlaka ukiwa na picha, saa na hali ya maji.

Dalili: wageni wanalalamika harufu

Harufu ya yai viza inayofumuliwa na kasia kutoka kwenye tope jeusi ni ya kawaida. Bakteria wanaoishi pasipo hewa huitoa wanapoozesha majani, na mwongoza watalii anapaswa kuieleza kabla mgeni hajauliza. Harufu ya choo, maji ya kijani yasiyopenyeka kwa macho, au samaki wanaoelea asubuhi na mapema si ya kawaida. Samaki hufa alfajiri kwa sababu mwani hutumia oksijeni usiku kucha. Fuata mkondo kuelekea juu hadi ulipate bomba linalomwaga uchafu, piga picha, na usubiri jibu la manispaa kabla ya kuendelea kuwaingiza watu majini.

Dalili: kayaki zinakwama na wageni wanashuka kuzisukuma

Hili huonekana kuwa kosa la wageni, lakini kwa kawaida ni kosa la ratiba. Kampuni nyingi huuza safari ya saa fulani ya asubuhi, kila siku saa ileile, ilhali bahari huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Siku za maji mafu ratiba hiyo hupita salama. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kundi hujikuta kwenye tope, kila mtu anashuka, na watu kumi wakisukuma kayaki zao huvunja kwa dakika chache vijiti vilivyochukua miaka kukua.

Tiba ni kuifanya saa ya tiketi ifuate bahari. Ingia maji yanapojaa, usiingie yanapokupwa: anayekwama maji yakijaa atainuliwa punde, anayekwama yakikupwa atangoja hadi mzunguko ujao, na katika jua la Agosti kungoja huko ni hatari kwa maisha. Zingatia pia kwamba jedwali la maji linatolewa kwa ajili ya bandari, na ndani ya hori maji huchelewa. Kuchelewa huko ndiko ulikokwisha kupima kwa nguzo zako mbili, kwa hiyo unaongeza dakika hizo na kupanga. Yako mahori ambayo kina chake siku fulani hakiruhusu safari yoyote. Siku hizo ziuzwe kama matembezi ya njia ya mbao, au zisiuzwe.

Kuhusu njia ya mbao yenyewe, misumari ya kawaida haidumu, na mbao zisizotiwa dawa hupasuka kwa joto na kuliwa na chumvi. Skrubu zisizoshika kutu na nafasi kati ya mbao zinazopitisha mwanga ni mambo ya lazima. Nyumba za zamani za Muscat na za Ghuba yote ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizopakiwa majahazini Lamu na Rufiji, na boriti hizo zilivumilia vizazi, lakini Kenya ilipiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982, na itakuwa kichekesho kujenga njia ya kuonyesha mikoko kwa kukata mikoko ya wenzako.

Dalili: ndege waliokuwa wakionekana hawaonekani tena

Katika Kalba na mahori machache jirani ya Oman anaishi mdiria wa jamii ndogo isiyopatikana kwingineko duniani. Hutaga ndani ya matundu ya michu mikubwa na mizee. Akitoweka, kabla ya kulaumu kelele, angalia kama kuna mtu aliyesafisha msitu kwa kuondoa miti mikongwe na mashina yaliyokufa ili mandhari yapendeze. Baada ya hapo ndipo uchunguze droni, muziki na boti zinazosogelea viota. Heroe na ndege wa tope husumbuliwa zaidi na watembea kwa miguu kuliko kayaki inayopita kimya. Wakiinua shingo zote kwa pamoja, kundi la wageni limeshakaribia mno, na lirudi nyuma kabla hawajaruka.

Dalili: wavuvi wa hapo hawautaki utalii

Msimu wa wageni huanza karibu Oktoba na kuisha Aprili, na mara nyingi huo huwa wakati mzuri wa uvuvi wa karibu na pwani vilevile. Mvuvi akikuta mlango wa hori umejaa kayaki anapotaka kutoa boti, na mapato yakienda kwa kampuni ya mjini, atakata kamba za maboya, na sitashangaa. Katika jambo hili pwani ya Kenya ina la kufundisha: Gazi, kusini mwa Mombasa, njia ya mbao ya mikoko inaendeshwa na wanawake wa kijiji, na mradi wa Mikoko Pamoja huuza hewa ya kaboni, yaani viwango vya kaboni inayohifadhiwa na msitu uleule, fedha zikienda kwenye maji na shule. Waomani wengi wanaosema Kiswahili wana jamaa upande huo na wanaweza kuuliza wenyewe namna mapato yanavyogawanywa.

Hatua ya kuanzia haihitaji mradi mkubwa. Kaa na wavuvi ukiwa na jedwali la maji la mwezi unaofuata, waweke alama kwenye saa wanazohitaji mlango wa hori, na safari zipangwe katika saa zinazobaki. Kisha nafasi za uongozaji na za usomaji wa nguzo zitolewe kwanza kwa vijana wao, kwa malipo yanayojulikana na kulipwa hata katika miezi ya kiangazi ambayo hakuna mgeni, kwa kuwa nguzo husomwa mwaka mzima.